Nasaba ya Mtawala Asiye na Ukoo: Uhakiki wa Masimulizi kuhusu Waingereza wa Mwanzo katika Nile Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna asili ya Waingereza wa mwanzo waliotawala Arua na Koboko inavyoelezwa katika maandishi ya Kiingereza na katika masimulizi ya Walugbara. Yanajikita katika watu wawili, C. H. Stigand na A. E. Weatherhead, na katika uchambuzi wa visasili uliochapishwa na John Middleton mwaka 1954. Hoja kuu ni kwamba simulizi inayomwonyesha Mzungu akitembea kwa kichwa ni jibu la swali la nasaba, wala si dalili ya kushindwa kulijibu. Inadaiwa pia kwamba jibu hilo lina uzito katika madai ya uchifu na mipaka yanayosikilizwa leo.

Swali na vyombo vyake

Anayetaka kumjua babu wa Mwingereza aliyefika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 hana uhaba wa vyombo. Daftari za parokia za nchini mwake zilianza kwa amri ya mwaka 1538. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa Uingereza na Wales ulianza Julai 1837, na sensa zinazotaja watu mmoja mmoja kwa majina zipo tangu 1841. Kwa wenye vyeo kuna kitabu cha John Burke, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1826. Lord Delamere, mlowezi mashuhuri kuliko wote wa nyanda za juu za Kenya, anaweza kufuatiliwa humo kizazi baada ya kizazi bila mtafiti kuondoka kitini pake.

Nile Magharibi haikupata walowezi wa aina ya Delamere. Eneo lililoitwa Lado lilikuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alipofariki Desemba 1909, njia ilifunguka ya kulikabidhi kwa serikali ya Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini, ambamo mna Arua na Koboko, ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Waingereza waliofika huko walikuwa wawindaji wa ndovu, maofisa na, baadaye kidogo, wamisionari. Hakuna aliyekatiwa mashamba makubwa ya kurithisha wanawe. Nguvu kazi ya wenyeji ndiyo iliyotakiwa, na ilitakiwa kwingineko. Kwa sababu hiyo, Mwingereza wa mwanzo katika Arua hakuacha mlango wa watoto na wajukuu ambao mtafiti angeweza kuanza nao na kurudi nyuma. Aliacha karatasi, na aliacha masimulizi. Tatizo la kihakiki linaanzia hapo: ni kwa kigezo gani karatasi huitwa ushahidi na masimulizi yakaitwa kisasili?

Stigand: mkusanyaji wa nasaba za wengine

Jina la Chauncey Hugh Stigand si geni kwa wataalamu wa Kiswahili. Ndiye aliyetoa mwaka 1915 kitabu juu ya lahaja za Kiswahili, ambamo W. E. Taylor alichangia utangulizi pamoja na toleo lake la utenzi wa Inkishafi. Miaka miwili kabla ya hapo, katika *The Land of Zinj*, Stigand alichapisha kwa Kiingereza habari za wafalme wa Pate kama alivyozipokea kutoka kwa Bwana Kitini, mzawa wa ukoo wa Nabahani. Habari hizo ni nasaba kwanza, na historia baadaye: zinaanzia mwaka 601 wa Hijria na kushuka mfalme baada ya mfalme. Wasichokikumbuka sana wasomaji wake wa pwani ni kwamba, wakati vitabu hivyo vinatoka, mwandishi wao alikuwa ofisa katika Lado, mbali sana na bahari. Alihusika katika makabidhiano ya mwaka 1910, akaendelea kutumika Sudan, na aliuawa Desemba 1919 katika vita na Wadinka wa Aliab akiwa gavana wa Mongalla. Kitabu chake juu ya eneo hilo, *Equatoria: The Lado Enclave*, kilitoka mwaka 1923, miaka minne baada ya kifo chake, kikiwa kimetanguliwa na wasifu ulioandikwa na Reginald Wingate.

Huyu, basi, ni mtu aliyewauliza wengine juu ya mababu zao, kisha naye akaelezwa asili yake na mkubwa wake wa kazi. Kwa upande wa karatasi, asili hiyo si ngumu kuifikia hatua ya kwanza. Alizaliwa mwaka 1877 Boulogne, Ufaransa, ambako baba yake, William Stigand, alikuwa makamu wa balozi mdogo wa Uingereza. Baba huyo alikuwa pia mwandishi, na aliwahi kuandika maisha ya mshairi Heinrich Heine. Lakini hata hapa daftari lina kichekesho chake. Kizazi cha Mwingereza aliyezaliwa ng'ambo kiliandikishwa katika ofisi ya ubalozi mdogo, na ofisi ya Boulogne ndiyo aliyofanyia kazi babaye mtoto. Chanzo kinachohesabiwa kuwa cha nje na huru ni ofisi ya jamaa wa karibu kabisa. Mtafiti wa simulizi angeambiwa ataje upendeleo huo katika ukurasa wa kwanza. Mtafiti wa nyaraka huupita kimya.

Kupanda juu zaidi kuna vishawishi. Stigand ni jina la askofu mkuu wa Canterbury aliyevuliwa cheo mwaka 1070, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza. Jina adimu kama hilo humvuta mwandishi wa nasaba kuruka karne nane kwa hatua moja. Tabia ya kuruka hivyo ilikuwa imeenea mno katika Uingereza ya karne ya 19, kiasi kwamba wanahistoria wa Kiingereza wenyewe waliichoka. E. A. Freeman aliishambulia mwaka 1877, mwaka uleule aliozaliwa Stigand wa Lado. J. H. Round akaendeleza mashambulizi hayo katika kitabu cha mwaka 1910, akionyesha jinsi koo za wenye vyeo zilivyojitungia mababu waliodaiwa kuvuka bahari pamoja na William Mshindi. Nasaba zilizochapwa kwa herufi nzuri na kufungwa kwa ngozi zilikuwa, nyingi kati yake, ngano.

Linganisha na yaliyoipata nasaba ya Pate. Neville Chittick aliichambua mwaka 1969 na kuzikataa tarehe zake za mwanzo kwa kutumia akiolojia, na wahariri waliomfuata wameendelea kulinganisha nakala zake moja moja. Uhakiki huo ulikuwa wa haki na umeisaidia taaluma. Kisichokuwa cha haki ni kwamba Bwana Kitini amehojiwa kwa ukali kwa zaidi ya nusu karne, ilhali asili ya mtu aliyemhoji husomwa kwenye wasifu wa mwanzoni mwa kitabu na kuaminiwa vivyo hivyo.

Weatherhead anavyosimuliwa

A. E. Weatherhead alifika mwaka 1914 kama mkuu wa kwanza wa wilaya ya Nile Magharibi chini ya Uganda. Hakuwa mwandishi kama Stigand, na jina lake lisingevuka mipaka ya wilaya hiyo kama si Walugbara kumsimulia. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti wake kati yao kuanzia mwaka 1949, aliyakuta masimulizi hayo yakiwa hai na kuyachambua katika makala ya mwaka 1954 kuhusu visasili na jamii. (Middleton naye, kama Stigand, ana mguu mmoja Nile Magharibi na mwingine pwani: miongo minne baadaye alitoa kitabu kikubwa juu ya Waswahili. Njia hiyo kati ya Arua na Lamu imepitwa na wengi kuliko inavyodhaniwa.)

Ili kuyaelewa masimulizi hayo, sharti kwanza kueleza namna nasaba ya Kilugbara inavyopangwa. Juu kabisa yumo Muumba, na viumbe wa kwanza, Gborogboro na Meme. Baada yao vinafuata vizazi vya ndugu wa kiume na wa kike waliozaa wao kwa wao bila mahari. Kisha wanatokea mashujaa wawili, Jaki na Dribidu. Dribidu alikuwa na manyoya mwili mzima na alikula watoto wake mwenyewe hata akafukuzwa alikotoka. Wana wa mashujaa hawa ndio waasisi wa koo zilizopo, na kuanzia kwao nasaba inakuwa ya kawaida: fulani mwana wa fulani, mpaka mzee anayesimulia. Kaburi la Jaki linasemwa kuwa katika mlima Liru upande wa Koboko, na la Dribidu katika mlima Eti. Wakakwa wa Koboko nao wana shujaa wao mwenye jina linalokaribiana, Yeki, jambo linaloonyesha kwamba mpaka wa lugha haukuwa mpaka wa mababu.

Sasa Wazungu. Walugbara walimweleza Middleton kwamba Wazungu wa kwanza walikuwa wala watu. Walitembea kwa vichwa, miguu juu, na kwa mwendo huo walikata masafa marefu kwa siku moja. Wakiona wanatazamwa, walisimama kwa miguu kama watu. Wakishambuliwa, walizama ardhini na kuibukia mbali. Weatherhead, mtu aliyeishi, aliyetoza kodi na kutia saini barua, aliingia katika kundi hili akiwa bado anakumbukwa na watu waliomwona kwa macho.

Ufafanuzi wa Middleton una nguvu na umestahili sifa zake. Anaonyesha kwamba kupinduka ni lugha: kila kilicho nje ya mpangilio wa ukoo, ama kwa wakati (mababu wa kabla ya koo) ama kwa mahali (watu wa mbali), huelezwa kuwa kinyume. Mzungu alitoka nje kwa maana zote mbili, hivyo akapewa sifa za Dribidu. Kwa maelezo hayo, Walugbara walimchukua mgeni na kumtafutia nafasi katika ramani waliyokuwa nayo.

Hata hivyo, uchambuzi huo unasimama mapema mno. Unawaweka Weatherhead na Dribidu katika chumba kimoja na kufunga mlango, bila kuuliza walitokaje humo. Dribidu alitoka. Alioa, watu wa mkewe wakadai haki yao, akazaa waasisi wa koo, akafa na kuzikwa mlimani panapojulikana. Kupinduka kwake ni hatua ya kwanza ya safari inayoishia katika ubaba. Weatherhead hakuoa ukoo wowote wa Arua, hakudaiwa mahari na wakwe, hakuacha kaburi ambalo mjukuu angeweza kulitolea sadaka. Alihamishwa. Simulizi yake, kwa hiyo, ni nusu ya kisasili: ina kupinduka bila kunyooka. Walugbara hawakumfanya babu. Walimweka mahali mababu walipokuwa kabla hawajawa mababu, wakamwacha hapo.

Tofauti hiyo si ya kiufundi tu. Katika jamii ya Kilugbara, kama katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, kumuuliza mtu ukoo wake ni kumuuliza anaweza kudai nini na anaweza kudaiwa nini. Ukoo ndio unaoeleza asiyeweza kumwoa, anayepaswa kulipa damu ikimwagika, anayekula nyama ya sadaka, na anayelima shamba lipi. Mtu asiye na ukoo hadai wala hadaiwi. Weatherhead alidai: kodi, wapagazi, kazi ya barabara, utii. Hakuna aliyeweza kumdai kwa njia yoyote iliyojulikana. Kumwambia mtafiti kwamba mtu huyo alitembea kwa kichwa na kuzama ardhini anapofuatwa ni kueleza kwa usahihi hali yake ya kisheria mbele ya wale aliowatawala. Ukimfuata na dai, hayupo. Ukigeuka, ameibukia kwingine. Hakuna daftari la parokia linaloweza kumpa mtafiti habari hiyo, hata likitaja mababu zake wote tangu 1538.

Hoja hii ina hatari yake. Msomaji anaweza kushawishika kuyasoma masimulizi haya kama upinzani wa wazi dhidi ya ukoloni, kana kwamba kila mzee alikuwa mwanaharakati. Maandishi hayaruhusu kwenda mbali hivyo. Kuna heshima na mshangao katika masimulizi hayo, na pengine hata kicheko. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi: kwamba swali la nasaba liliulizwa kwa makini na kujibiwa kwa makini, kwa istilahi za waulizaji.

Mark Leopold, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya Nile Magharibi, alichagua kuandika historia kinyumenyume, kutoka sasa kurudi karne ya 19. Uamuzi huo umeelezwa zaidi kama mbinu ya kianthropolojia, lakini unafanana sana na kazi ya mzee anayetaja nasaba: huanza na walio hai na kupanda. Faida yake ni kurudisha historia ambayo Middleton aliiweka kando, yaani misafara ya watumwa na pembe, vituo vya Wabelgiji, na vita. Kwa usomaji huo, ulaji wa watu unaotajwa katika masimulizi hauhitaji kuelezwa kwa mpangilio wa mawazo peke yake. Watu wa eneo hili walikwisha kuona wageni wakichukua binadamu na wasiwarudishe.

Hapa inafaa kutaja upogo mmoja. Wino mwingi umemwagwa duniani kuhusu asili ya Idi Amin: alizaliwa Koboko au Kampala, babaye alikuwa nani, mamaye wa kabila gani. Waandishi waliamini kwamba ukatili wa utawala wake ungeelezeka kwa nasaba. Kwa watawala wa wilaya waliotangulia, waliotawala bila kuchaguliwa na yeyote, udadisi huo haukuonekana wa lazima.

Wazao waliobaki

Ingawa Weatherhead hakuacha wana Arua, utawala wake ulizaa. Ulizaa vyeo. Kabla ya Wabelgiji na Waingereza, Walugbara hawakuwa na machifu wa maeneo makubwa. Walikuwa na wazee wa koo, waganga wa mvua, na watu waliojulikana kwa mali na busara. Wabelgiji waliwateua baadhi ya watu kuwa machifu, na Waingereza wakaendelea, wakigawa nchi katika kaunti na tarafa. Ayivu, Vurra, Terego, Maracha, Aringa na Koboko ni majina ya kale ya watu na mahali, lakini kama vyombo vya utawala vyenye mipaka na kiti cha chifu, mama yao ni ofisi ya wilaya.

Suala hili si la makumbusho. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 246, inaruhusu kuwapo kwa viongozi wa jadi kulingana na utamaduni au matakwa ya watu, na sheria ya mwaka 2011 imeweka utaratibu wa kuwatambua. Katika Nile Magharibi taasisi za aina hiyo zimeundwa au kuimarishwa katika kipindi hiki, ikiwamo Lugbara Kari yenye kiongozi aitwaye Agofe. Mahali ambapo uongozi wa jadi unatafutiwa uhalali, nasaba hutolewa kama ushahidi, na nasaba nyingi za uchifu hazipandi zaidi ya babu aliyeteuliwa na serikali. Mwanya uliopo kati ya babu huyo na waasisi wa ukoo huzibwa kwa majina. Round angetabasamu: ndivyo hasa walivyofanya mabwana wa Kiingereza waliojitafutia mababu Wanormandi.

Haifuati kwamba madai hayo yapuuzwe. Cheo kilichoteuliwa mwaka 1914 kimekwisha kuishi zaidi ya miaka 100, na watu wamekizoea na kukipa maana. Inafuata kwamba kamati inayosikiliza shauri la uchifu au mpaka inapaswa kuuliza maswali mawili yanayochanganywa kila mara: ukoo huu umetoka wapi, na cheo hiki kimetoka wapi. Swali la kwanza lina wajuzi wake vijijini. La pili lina majalada yake, mengi yakiwa katika hifadhi ya taifa. Kumpa mzee swali la pili, au kulipa jalada swali la kwanza, ndiko kunakozaa nasaba za kubuni.

Kuna jambo lingine linaloharakisha. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Amin mwaka 1979, na hasa kuanzia 1980, majeshi yalilipiza kisasi katika Nile Magharibi, na wakazi wengi mno walikimbilia Sudan na Zaire. Waliorudi miaka ya baadaye walikuta mashamba yenye vichaka na, mara nyingine, watu wengine. Nyumba za mizimu zilizokuwa kumbukumbu ya nani alizikwa wapi zilikuwa zimeanguka. Katika mazingira hayo mzee anayeweza kutaja vizazi vyake ni shahidi wa ardhi, na wazee waliozaliwa kabla ya uhamisho huo wanazidi kupungua.

Masimulizi yaliyochapishwa kuhusu Weatherhead yanatoka kwa Walugbara. Ya Wakakwa wa Koboko kuhusu miaka ya 1910 hadi 1914, wakati ardhi yao ilipogawanywa kati ya Uganda, Sudan na Kongo, hayajapewa nafasi inayolingana nayo, ingawa wao ndio waliogawanyika zaidi: ndugu wa ukoo mmoja walijikuta na wakuu wa wilaya watatu. Chuo Kikuu cha Muni kipo Arua, kilomita chache tu kutoka kwa wasimulizi. Kurekodi kwa Kikakwa na Kilugbara, kutafsiri kwa Kiswahili ili matokeo yasomeke Juba, Bunia na Kampala kwa pamoja, na kuweka nakala katika ofisi za wilaya ambako mashauri ya mipaka husikilizwa, ni kazi isiyohitaji safari ya kwenda kufungua daftari lolote la Uingereza.